Sweta za Kuchanwa

Wakati wa vita kazi yangu ilikuwa kuchana sweta kwa kisu, katika ghala la tajiri mmoja huko Changamwe. Zilikuja kwa meli, kuukuu lakini nzima, sufu nzito ya kufuma. Forodhani, sweta nzima ilihesabiwa nguo na ushuru wake ulikuwa mkali. Iliyochanwa ilihesabiwa tambara, na ushuru wake haukuwa kitu. Basi tajiri alitaka tuzichane zote mbele ya mkaguzi wa forodha. Tulizipasua kama samaki, na sufu ilifumuka kimya kimya.

Mwenzangu wa Likoni alikuwa na mtoto mchanga anayeugua kifua. Akaficha kisweta kimoja ndani ya shati lake. Nyapara akaona shati limefura. Hakumwambia avue. Alinipokonya kisu, akamchana palepale: shati, kisweta na ngozi ya tumbo. Mwenzangu akaanguka juu ya marobota. Kisu kingalikuwa bado mkononi mwangu, wallahi, nyapara yule asingaliiona magharibi ya siku ile.

Mkaguzi aliinama, akakichomoa kile kisweta kinachotona damu, akapenyeza vidole kwenye tundu.

"Tambara," akasema, akageukia robota jingine.