Mitalawanda Kando ya Feni

Harufu ya saruji iliyolowa hunirudisha Temeke, masika ile nikiwa mtoto, chumba cha mbele ilikokaa feni yetu ya chuma. Baba alipewa na tajiri wake wa dukani ilipochakaa. Ilikuwa inapiga shoti. Ukiigusa peku, mkono unakufa ganzi hadi begani. Basi kando yake tukaweka mitalawanda, vile viatu vya mti vya kuogea, na kila mgeni aliambiwa avae kwanza. Bi Siwema wa nyumba ya pili alicheka hadi akakaa chini. "Nyie mnafuga feni au mbwa?" Sie tukacheka naye. Hakuna aliyeita fundi, maana dawa tulishaipata.

Siku moja mvua ilipiga tangu alfajiri, maji yakaingia hadi ndani. Mama alikuwa amekwenda kuoga uani. Dada yangu Mwanahawa, aliyekuwa akinisuka kila Ijumaa, akakimbia kuisogeza feni isilowe. Hakupiga kelele. Mama aliporudi alimkuta bado ameishika, na mitalawanda ilikuwa miguuni mwa mama. Mama hakuivaa tena hadi anakufa. Arobaini ilipopita ndipo akaja fundi Selemani, akaifungua, akatuonyesha waya wa athi, ule wa kuushusha ardhini umeme unaovuja. Haukufungwa popote. "Feni ilikuwa inawaambia," akasema, akaanza kukusanya bisibisi zake.

Sasa nakaa Chamazi kwa mjukuu wangu Zuhura. Ana kompyuta yenye boksi la bati, anawachapia watu kazi zao. Leo asubuhi nilitaka kuipangusa vumbi, akaniwahi: "Bibi, vaa kandambili kwanza, inapiga shoti kidogo." Nikatazama chini. Kandambili za bluu, zimepangwa vizuri kando ya meza, na kitukuu changu Shani anatambaa kuzifuata. Nikamwambia aite fundi. "Bibi nawe, mbona za watu wengi zinapiga? Nina kazi za watu hapa." Wakati wetu tulikuwa na feni moja, na hatukujua. Hawa wanajua, wamesoma, na bado wanavaa kandambili.

Nimeuchomoa waya wa kompyuta ukutani, nimeukalia pamoja na hizo kandambili. Zuhura kanuna, hanisemeshi. Atanisemesha fundi akishaufunga waya wa athi wa nyumba hii. Mwanahawa hakunisemesha tena.