Kebo Aliyoichomeka Shemeji

Hospitalini wote walimwita Waya, hata meneja, kwa kuwa hakukosa kebo begani. Alikuwa fundi hodari wa mtandao na, tuseme ukweli, mwenye pupa ya kumaliza kazi. Watu wa mapokezi walimlalamikia kila asubuhi kwamba wakiwasha kompyuta, mtandao unachelewa. Ilikuwa kazi ya kinga iliyo ndani ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, kinga ambayo mafundi huiita STP: kebo ikichomekwa, swichi husubiri kwanza, ihakikishe data haitazunguka humo humo bila kikomo. Waya angeweza kuyaagiza matundu ya kompyuta yafunguke mara moja, kinga ikabaki. Lakini hiyo ilitaka kupitia tundu moja moja, na yeye alikuwa na njaa. Akaizima kinga yote, akaenda kula. Mapokezi wakamsifu mpaka akavimba kichwa.

Aliyefagia pale mapokezi alikuwa dada wa mkewe, mjane, na kazi hiyo alitafutiwa na Waya mwenyewe. Mwanamke yule hawezi kuona kitu shaghalabaghala akakiacha. Alikuta kebo imechomekwa ukutani ncha moja, nyingine iko sakafuni. Akaiokota, akaipangusa, akaichomeka kwenye tundu la jirani. Data ikaanza kujizungusha, na mtandao wa hospitali nzima ukalala. Mafaili hayafunguki, maabara haitumi majibu, wagonjwa wamejaa mpaka nje.

Waya alipoigundua kebo ile, akaichomoa. Meneja akauliza nani kaichomeka. Shemeji akanyoosha mkono.

"Mama, unagusaje vitu usivyovijua?" meneja akafoka. "Mwisho wa mwezi tutaona kama utabaki hapa."

Waya alikuwa kasimama pale pale. Akakohoa. Basi, hakusema zaidi ya hapo. Jioni akairudisha kinga kimyakimya.

Tangu hapo shemeji akawa anamwomba radhi kila wakikutana. "Nimekutia aibu, shemeji. Nisamehe."

"Yaishe, shemeji," Waya humjibu, na dhamiri inamsuta. Nyumbani mkewe alikuwa hamsemeshi dada yake: kumbe mtu unamtafutia kazi, anakuja kukuharibia yako!

Asubuhi moja Waya alimkuta shemeji anafagia. Kila penye kebo, ufagio unakwepa. Vumbi limebaki kandokando ya ukuta, na anayefagia ni mwanamke yule! Moyo ukamchoma. Akaenda moja kwa moja kwa meneja, akamwaga yote.

Meneja akacheka. "Kumbe ni mambo ya kitaalamu? Hayo hutokea, fundi. Nifungie mlango ukitoka."

Hata karipio hakupewa. Akarudi mapokezi kichwa chini.

"Shemeji, kosa halikuwa lako. Kinga niliizima mimi. Meneja nimeshamwambia, kazi yako iko salama."

Shemeji akaegemea ufagio, akashusha pumzi. "Afadhali." Uso ukakunjuka, kisha ukakunjamana tena. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Na kila nilipokuomba msamaha," akasema taratibu, "ukanisamehe."