Walimpigia bundi makofi, sasa wamemletea shoka

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea. Haya niliyaona kwa macho yangu, anayetaka chumvi akanunue dukani.

Ni mwaka ule hapa Kitanga tulipokula ugali wa muhogo kwa sombe, yaani kisamvu, mpaka watoto wakaichukia sufuria. Maharage yote yaliliwa na panya, hadi ya mbegu.

Akaja binti mtafiti kutoka chuo. Mashamba ya bondeni, mengine akayasimikia miti mirefu ili bundi watue usiku, mengine akayaacha hivyo hivyo apate kulinganisha.

Bundi wenyewe wanakaa kwenye mkuyu wangu. Wakishiba hutapika vidonge vya manyoya. Binti akavipasua mbele yetu: mafuvu ya panya, meno ya panya. Kidole cha mtu hakuna!

Baada ya mavuno akarudi na majibu. Penye miti ya kutua, panya walikula kidogo kuliko kwingine. Mkutano ukapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu ni mwenyekiti wa kitongoji, maana maharage yake yalipona.

Sasa sikieni ujinga.

Juzi jirani yangu mzee kafariki. Presha. Aliacha dawa eti kichwa kimepoa. Usiku ule bundi akalia.

Matanga hayajaanuliwa, mwenyekiti huyo huyo kaja na wanaume na shoka.

"Bibi, utafiti tunauheshimu. Lakini huyu ndege anaita watu."

"Wewe amekuita?"

Wakacheka. Mmoja akasema kwa nyuma, "Anawatetea kwa sababu anawafuga."

Hapo nikawaka. Mimi! Niliyewazalisha mama zao, leo mchawi?

Nikaketi kwenye mizizi ya mkuyu, mgongo kwenye shina.

"Mwenyekiti, ulipokula maharage hukuuliza bundi anamwita nani. Mkuyu haukatwi nikiwa hai."

Wakaondoka wananuna. Ile miti ya bondeni wameing'oa, wakapikia chai ya msibani. Panya wakirudi mtasikia nimewaroga.

Nilichojifunza: watu wanaupenda ushahidi ukiwajazia gunia. Ukigusa hofu yao, wanajifanya hawakuwepo mkutanoni.

Walimu mliopangiwa huku, na nyie wa mjini, semeni hapa chini. Hata matusi leteni, nimeshazoea.

Jumamosi wanarudi na mtendaji. Watanikuta pale pale kwenye mizizi.

Mkuyu haukatwi nikiwa hai.