Birika la Mama Jicho

Zamani, mtumba ulipofunguliwa sokoni, wanawake hawakugusa nguo mpaka Mama Jicho afike. Alipapasa mshono mara moja tu, akasema hii itadumu, hii tambara, na hakuna aliyembishia. Hata vyombo vya ndani walimngoja yeye avichague.

Siku hizi kumbukumbu imemtoka, ila raha ya kuchakura haijamtoka. Akiingia kuoga tu, mke wa mwanawe huchomoa kitu kabatini mwake na kumpelekea muuzaji yuleyule ambaye Mama Jicho huchakura kwake sokoni.

Jana Mama Jicho aliinua birika la bluu, macho yakamng'aa.

"Hili bei gani, mwanangu?"

"Mali mpya hiyo, mama, imeingia leo," muuzaji akajibu, huku akiwakonyeza wenzake.

"Mpya wapi! Usinifanye mtoto, wewe." Akaligeuzageuza, akaona uzi mwekundu uliozungushwa kwenye kifuniko ili kisiunguze vidole. Aliuzungusha yeye mwenyewe, mwaka aliofiwa na mumewe. "Lakini mwenyewe alikuwa na akili, jamani! Sijui watoto wake wamelitupa kwa nini."

Wauzaji wote wakaangua kicheko. Zamani angepatikana japo mmoja wa kumshika mkono na kumwambia, mama, hili ni lako, rudi nalo nyumbani.

Mama Jicho naye akacheka, akidhani wanausifu uchaguzi wake. Akalipa, akalikumbatia birika, akaenda kumwonyesha mke wa mwanawe.