Kinu Kitupu cha Unyambwa

Kliniki yetu pale mjini Singida ina vyumba viwili na ukumbi mdogo wa kusubiria. Chumba cha kwanza ni cha mwenzangu, ambaye hunyoosha migongo na shingo kwa mikono, na watu humwita fundi migongo. Cha pili ni changu. Mimi huitwa daktari wa mazoezi, jina ambalo wagonjwa wengi hulitamka kwa huruma kidogo, kama vile wanamtaja mtu aliyekosa nafasi kwenye udaktari wenyewe.

Siwalaumu. Mtu ametoka Nduguti na goti limevimba, amebadilisha magari njiani, halafu anakutana na mwanamke aliyevaa raba anayemwambia ainue mguu mara kumi.

"Na sindano?" huuliza.

Hakuna sindano.

"Vidonge je?"

Hakuna.

"Sasa nyumbani nitawaambia nimekuja kufanya nini?"

Hapo ndipo ninapovuta kiti na kuanza kueleza. Napenda kueleza, nakiri. Humwambia kwamba msuli ni kama ng'ombe aliyefungwa zizini mwezi mzima. Siku ukimfungulia hatakimbia, atasimama mlangoni anashangaa jua. Humchapi, wala humwachi alale tena. Unamtoa kidogo leo, kidogo kesho. Mfano huo umewaelewesha wengi, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mtu akishaelewa, basi kazi yangu imekwisha. Mzee mmoja wa Unyambwa na mke wa mwanawe ndio walionitoa katika imani hiyo.

Mzee alivunjika mfupa wa nyonga akimkwepa ndama. Si fahali, ndama. Jambo hilo lilimuuma kuliko mfupa wenyewe. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudishwa nyumbani, na alipoletwa kwetu alikuwa hawezi kusimama mpaka anyanyuliwe. Bajaji ilisimama mlangoni, yeye amekaa nyuma peke yake, na mke wa mwanawe mdogo amekaa mbele kwa kujibana pembeni ya dereva. Dereva ndiye aliyemshusha. Niliona hayo yote kwa macho yangu, na sikuyatilia maanani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa wapi?"

"Kinampanda."

"Mnyiramba!" Akamgeukia dereva. "Mnyaturu mzima nimeletwa kwa Mnyiramba nifundishwe kutembea. Nyie wenyewe mmejifunza lini?"

"Jana tu, mzee. Ndiyo maana bado nakumbuka vizuri."

Akacheka, na nikajua tutapatana. Lakini alipokaa kitandani, mzaha ulimtoka. Akanieleza kilichomleta. Mwanawe mkubwa anafanya kazi Dodoma na anaishi ghorofa ya tatu. Alikuwa amesema kwa upole, lakini kwa msimamo, kwamba alizeti zikishavunwa atakuja. Akimkuta baba anainuka mwenyewe na kwenda chooni mwenyewe, atamwacha. Akimkuta bado ananyanyuliwa, atamchukua wakaishi naye mjini.

"Ni mtoto mzuri," mzee akasema. "Hilo ndilo tatizo. Angekuwa mbaya ningemfukuza. Sasa binti, mimi nikae huko juu kama njiwa? Nitaamka asubuhi nimsalimie nani, ngazi?"

"Choo cha nyumbani kiko mbali?"

"Hatua thelathini na mbili. Nimezihesabu kichwani kila siku tangu nianguke."

Basi nikafanya kazi yangu kwa bidii zote. Nilimwita mke wa mwanawe asogee. Alisogea hatua moja, akasimama karibu na mlango. Nikamwonyesha jinsi ya kushika kisigino cha mzee, mkono mwingine chini ya goti, na kuinua taratibu. Nikamwonyesha jinsi ya kumshika kiunoni anapojaribu kusimama. Asubuhi, mchana na jioni. Wakati wote huo yeye alikuwa anaangalia kalenda iliyoko ukutani, kalenda ya mwaka uliopita tena, na kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, daktari."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa sana, daktari."

Nikajisikia mwalimu.

Baada ya wiki mbili walirudi vilevile, dereva yuleyule, yeye mbele, mzee nyuma. Paja la mzee lilikuwa limezidi kusinyaa. Mke wa mwanawe aliniletea mayai kumi na mawili yaliyofungwa moja moja kwenye karatasi, na sikuhitaji kuambiwa kwamba yale yalikuwa mayai ya kuomba radhi.

"Mmefanya mazoezi?"

"Tumejaribu, daktari."

"Mara tatu kwa siku?"

Macho yake yakarudi kwenye kalenda. Mzee naye akaanza kuisoma kalenda.

Nikaeleza upya, polepole zaidi. Nikachora picha ya mtu ameshikwa mguu. Nikaongeza mfano wa ng'ombe. Nilikuwa naelekea kwenye mfano wa pili, wa bawaba ya mlango, niliposikia mtu anacheka ukumbini. Alikuwa mama mmoja muuza vitunguu, mgonjwa wa bega wa mwenzangu, mtu wa maneno mengi na sauti ya sokoni.

"Daktari," akaita bila kuinuka, "umefundisha vizuri mpaka mimi nimeshajua kumhudumia mtu wa nyonga. Ila huyo unayemfundisha ni mkwe."

"Najua ni mkwe."

"Unajua?" Akachungulia mlangoni. "Wewe kwenu Kinampanda, mama yako alikuwa anamshika babu yako kiuno?"

Nilisimama pale na picha yangu mkononi. Mama yangu alikuwa hapiti hata mbele ya kiti cha babu. Chakula alikuwa anakiweka mezani, anapiga goti, anaondoka. Kivuli chake tu alikuwa anakichunga kisimwangukie mzee. Nilikua nikiyaona hayo kila siku, halafu nikaenda chuo, nikajifunza jina la kila msuli wa paja, na nikarudi nikamwambia mwanamke wa watu amshike baba mkwe wake kiunoni mara tatu kwa siku, mbele ya dereva wa bajaji.

Ningekuwa mgeni kutoka mbali ningesamehewa haraka zaidi.

"Kwa nini hamkuniambia?" niliuliza.

Mke wa mwanawe akajibu kwa sauti ndogo, "Wewe ni daktari. Ulikuwa unaeleza vizuri."

"Na mimi ningesemaje?" mzee akasema. "Niseme mkwe wangu hataki kunishika? Anataka nipone kuliko wewe. Mimi pia sitaki anishike. Bora Dodoma."

Hakuwa anatania. Aliposema hivyo nilielewa kwamba nilikuwa nimempa mtu huyu mambo mawili ya kuchagua, aibu au Dodoma, na yote mawili ni kuondoka nyumbani kwake kwa namna fulani.

Nikavuta kiti, safari hii ili niulize. Nani mwingine yuko nyumbani? Mke wa mzee alikwishafariki. Mwana mdogo, mume wa huyu mama, hutoka na ng'ombe alfajiri na kurudi jua likizama. Je, jioni hamsaidii baba? Humsaidia. Huinua mguu mara mbili, akasema mzee, halafu wote wawili wanasinzia, mguu ukiwa bado hewani.

Tukaanza upya. Kwanza, mguu. Nilichukua kanga, nikaikunja iwe kama mkanda, nikaipitisha chini ya wayo wa mzee, na ncha mbili nikampa mwenyewe. Akavuta. Mguu ukainuka. Akaushusha, akauinua tena, akiutazama kama vile ni wa mtu mwingine.

Pili, kusimama. Kigoda chake cha nyumbani nilikipiga marufuku, maana nyonga iliyounganishwa haipendi kukunjwa chini vile. Badala yake viti vitatu vya plastiki vipangwe kimoja juu ya kingine viwe virefu, viegemezwe ukutani visiteleze, na meza nzito iwekwe mbele ya kushikia. Anasimama, anakaa. Mara kumi, kisha anapumzika.

"Sasa mtu wa kumhesabia," nikasema. Jambo hili naomba nilieleze, kwa sababu watu hulidharau. Mgonjwa akiwa peke yake hudanganya. Husimama mara nne, akasema kumi. Au huenda haraka haraka, akachoka, akaanguka. Anahitaji sauti ya nje. "Wewe mama, kaa mbali kabisa, hata nje ya ukuta, na useme tu: simama, kaa, simama, kaa."

Yule mama alinitazama kwa mara ya kwanza usoni. "Nimwambie baba simama?"

"Ndiyo. Kwa upole."

"Nimwambie kaa?"

Mama wa vitunguu ukumbini alikuwa amejishika bega, analia kwa kucheka. "Huyu daktari amekusudia kumrudisha mtoto wa watu kwao!"

Nikakiri kushindwa. Nilikaa kimya, jambo ambalo si kawaida yangu, na labda ndiyo sababu mwenye jibu akapata nafasi ya kulitoa. Mke wa mwanawe alimwambia dereva wa bajaji aliyekuwa mlangoni, si mimi, wala si mzee:

"Mimi huwa natwanga uwele uani. Baba akikaa barazani husikia mchi."

Hatukuhitaji kueleza zaidi. Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja. Mchi ukipiga, anasimama. Ukipiga tena, anakaa. Hakuna aliyemwamrisha mwenzake, hakuna aliyemgusa mwenzake. Mwanamke anatwanga nafaka yake, na mzee anafanya mambo yake barazani. Kama mambo hayo yanalingana, ni bahati tu.

Nilikwenda kuwatembelea baada ya wiki moja. Nilisimama nje ya uzio kwanza, nikasikiliza. Mdundo. Kimya kirefu. Mdundo. Yule mama alikuwa amempa mzee mgongo, lakini sikio lilikuwa kwake. Akisikia pumzi ya mzee imekuwa nzito, mchi ulichelewa kushuka. Nimefanya kazi na wataalamu wenye vyeti ambao hawajui kumsikiliza mgonjwa hivyo.

Tatizo lilikuwa moja. Familia haikuwa na uwele wa kutwanga mara tatu kwa siku. Kufikia wiki ya tatu kulikuwa na unga mpaka kwenye ndoo za maji, kisha nafaka iliyotengwa kwa kutwanga ikaisha, na yeye akaendelea. Majirani waliopita waliona mwanamke mwenye akili zake timamu anatwanga kinu kitupu mchana kweupe.

"Mwenzetu, wengine hutwanga maji kwenye kinu," jirani mmoja alimpigia kelele. "Wewe hata maji huna!"

"Natwanga upepo," akajibu. "Singida haujawahi kuisha."

Mzee alianza kutembea na fimbo. Hatua tano, hatua kumi na mbili, kisha akafika kwenye banda la kuku. Huko chooni tulimwekea kiti cha mbao chenye tundu, alichokiita ofisi yake. Alizeti zikainamisha vichwa, zikakauka, zikavunwa, na mwana mkubwa akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi.

Waliniomba niwepo. Nilipanda bodaboda, nikafika mapema, lakini gari lilikuwa limeshatangulia. Ndani yake, kiti cha nyuma, kulikuwa na godoro jipya, bado liko kwenye nailoni, la kumlaza mzee safarini. Kwa hiyo alikuja akiwa amekwisha kata shauri. Alikuwa mtu mpole, amevaa viatu visivyopenda vumbi. Mzee alikuwa barazani juu ya viti vyake vitatu. Mwanawe akamwamkia, wakaulizana habari za nyumbani na kazini.

"Baba," mwana akasema, "nimeambiwa siku hizi unasimama."

"Nasimama."

"Basi nione."

Mzee aliweka mikono mezani. Akasogeza miguu nyuma, kama nilivyomfundisha. Akainamia mbele. Hakusimama.

Tulingoja. Mwana alinitazama. Mimi nilimtazama mzee, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande wa uani kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Ndipo nilipoelewa. Siku ile ya wageni hakukuwa na anayetwanga. Mke wa mwanawe alikuwa jikoni na kuku wawili kwenye sufuria. Mwezi na nusu mwili wa mzee ulikuwa umeinuka kwa mchi, na sasa ulikuwa unausubiri. Ningeweza kusema "simama" mimi mwenyewe. Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga, maana angeinuka kwa kuambiwa na daktari, na mwanawe angehesabu hilo kuwa kunyanyuliwa.

"Basi, baba," mwana akasema taratibu, akiinuka kumshika. "Usijisumbue."

Uani, mchi ukapiga.

Mzee akasimama. Alisimama wima, hana haraka, akachukua fimbo yake na kumpita mwanawe aliyekuwa amenyoosha mikono. Akashuka baraza, akapita banda la kuku. Alipofika mlango wa choo aligeuka, akasema kwa sauti, "Thelathini na mbili," kisha akafunga mlango.

Mwana alibaki amesimama. "Nani anatwanga saa hizi," akauliza, "na chakula kimeshaiva?"

Mke wa nduguye alipita na sufuria, macho chini, uso mkavu kabisa.

Mzee aliporudi na kukaa, alimgeukia mwanawe. "Huko kwako Dodoma, kinu mnacho?"

"Kinu cha nini, baba? Tunanunua unga dukani."

"Sasa huko," mzee akasema, "ningesimamaje?"

Mwana hakuelewa hata neno moja, na hiyo ilikuwa mara ya pekee katika maisha yangu ya kazi niliyokataa kueleza. Tulikula. Jioni godoro lilishushwa kwenye gari, likaingizwa chumbani kwa mzee, na mwana akaondoka na debe zima la unga wa uwele.