Kopo Lililompeleka Fundi Nduta Illasit

Saa moja na robo asubuhi, baridi ya Kitengela bado inauma vidole. Virginia Nduta ameinama juu ya injini ya pikapu nyeupe ya dizeli katika gereji yake mtaani Noonkopir. Mkono mmoja umeshika chupa tupu ya jemu. Mwingine unalegeza kifungulio kidogo chini ya kopo la alumini lililofungwa pembeni mwa injini.

Matone yanaanguka taratibu, mazito na meusi. Nduta anaiinua chupa kwenye mwanga, anaigeuza, kisha anaiweka kwenye meza ya kazi kando ya nyingine tano. Kila moja ina kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe.

Mwenye pikapu, Simel Kuntai, mfugaji wa miaka 58 kutoka nje kidogo ya mji wa Kajiado, anazikagua kwa zamu. Ndiye aliyezipanga. Ya kwanza ni ya Julai na imejaa kitu cheupe. Kila inayofuata imekolea weusi zaidi kuliko iliyotangulia.

"Ile ya kwanza ilikuwa chai ya maziwa," Nduta anasema. "Hii ya leo ni oili tupu."

"Na gari ni ile ile," Simel anajibu. "Haijafunguliwa hata msumari."

Mtu anayepita barabarani angewadhania wauza asali. Lakini chupa hizo sita zimemlazimisha Nduta, fundi wa miaka 43 na mama wa msichana mmoja, kusema jambo alilolificha kwa miaka minne.

Tuanze na kopo lenyewe. Injini ya dizeli hupumua, na pumzi yake hubeba mvuke wa oili na wa maji. Kwa kawaida bomba huirudisha pumzi hiyo ndani ili iungue. Gari likishazeeka mvuke huzidi, hukutana na masizi, na uchafu huganda kwenye njia ya hewa hadi gari linakohoa likiona mlima. Kopo hukaa katikati ya njia hiyo na kunasa oili kabla haijafika mbali.

Mafundi wengi hawana habari nalo. Wao hulikata lile bomba na kuliacha likining'inia chini, likidondosha oili barabarani. Nduta hataki hata kulisikia jambo hilo.

Alijifunzia kazi mahali pasipotarajiwa. Kwa miaka sita aliuza vipuri kwenye duka moja la hapa Kitengela, akiwauliza mafundi kila kipuri kinakwenda wapi na kwa nini kimekufa. Mwaka wa saba alinunua ovaroli. Wanaume wa gereji za jirani walicheka hadi wakachoka. Leo baadhi yao humletea dizeli zilizowashinda.

Mwezi mzuri humwachia kama shilingi elfu arobaini baada ya kodi ya kiwanja, na karo ya Jackie, aliye kidato cha tatu, hutoka humo.

Simel alifika Julai, akiwa amekunja uso. Pikapu yake hubeba maziwa ya akina mama wa kwao kuja Kitengela kila asubuhi. Ikilala siku moja, maziwa ya nyumba kumi na moja yanaharibika.

"Takwenya," alimsalimu.

"Iko," Nduta aliitikia. Salamu za Kimaa alizijulia dukani.

"Mama Jackie, fungua hii injini. Maji imeingia kwa oili."

Alikuwa amefungua kopo lake akakuta uji mweupe. Fundi mmoja wa Kajiado akamwambia gasketi imekwisha, ile inayotenganisha maji na oili ndani ya injini. Halafu kwenye soko la mbuzi alikutana na mkulima aitwaye Bedan, mtu wa Illasit, akamsimulia masaibu yake.

"Bedan aliniambia gari yake ilitoa maziwa kama haya haya, ukafungua, ikapona," Simel alimweleza. "Akasema nisipeleke kwa mtu mwingine."

Nduta alilijua jina hilo. Kufungua injini kungempa shilingi elfu ishirini na tano, na mteja alikuwa anamsihi achukue. Aliomba dakika tano, akaenda nyuma ya kibanda, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Niliporudi nikamwambia, mzee, hii injini haifunguliwi. Na ile ya Bedan pia sikufaa kufungua."

Miaka minne iliyopita, Bedan Ngugi ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa wa kwanza. Alilima nyanya Illasit, chini ya Mlima Kilimanjaro, na pikapu yake ilikuwa miguu yake ya kufikia soko. Nduta alimfungia kopo mwezi wa tano, akiwa amelisifu sana. Mwezi wa saba Bedan alirudi nalo likiwa limejaa kitu cheupe.

Nduta hakuchomoa hata kijiti cha kupimia oili. Hakufungua rejeta yenye maji ya kupoza injini. Aliona weupe, akaogopa, akafungua injini.

"Nikatoa gasketi, nikaipangusa. Ilikuwa nzima. Nikaitazama pande zote nikitafuta tu mahali imeungua, ata kidogo. Hakuna."

Bedan alikuwa ameenda kunywa chai hotelini. Gereji haikuwa na mtu. Nduta alikaa na ile gasketi magotini, akiona jina lake likienda na maji kabla halijajengeka. Bedan aliporudi, Nduta alimwambia gasketi ilikuwa imeanza kuungua na ameiwahi. Akamwambia pia kopo ndilo lililoleta shida, akaling'oa.

Pikapu ilikaa gereji siku tisa. Nyanya zilizoiva siku hizo zilioza shambani. Bedan hakulalamika. Alimshukuru.

Kumbe ule weupe haukuwa chochote zaidi ya baridi. Asubuhi za Julai, mvuke wa maji hugeuka matone ndani ya kopo na kuchanganyika na oili, hasa gari likitembea mwendo mfupi bila kupata joto la kutosha. Injini yenye gasketi mbovu husema kwingine: maji ya rejeta hupungua bila sababu, mapovu huchemka humo injini ikiunguruma, na oili kwenye kijiti hubadilika rangi. Nduta aliyajua hayo hata siku ile. Hofu ilimtangulia.

Mbaya zaidi ni yaliyofuata. Bedan alisimama kanisani Illasit akatoa ushuhuda: Mungu alimpa fundi mwaminifu. Wateja wakaanza kumiminika kutoka kule. Nduta alihesabu hadi kumi na tisa, kisha akaacha kuhesabu.

"Kila mtu akisema ametumwa na Bedan, nasikia kama nimechapwa. Unajua kusifiwa kwa kitu hukufanya? Ni mbaya kuliko kutukanwa."

Simel aliyasikia yote hayo Julai akiwa ameegemea pikapu yake. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: atajuaje kwamba safari hii fundi hakosei?

Nduta alimwonyesha kijiti, na oili yake ilikuwa safi. Alifungua rejeta, wakasimama wote wawili wakiyatazama maji injini ikiunguruma kwa nusu saa. Hakukuwa na povu hata moja.

Kisha akalikagua kopo. Mzee alikuwa ameuziwa mjini pambo linalong'aa lisilo na kitu ndani, na tangu Aprili hakuwa amelimwaga hata mara moja. Nduta akalitupa. Akamchagulia jingine lenye wavu ndani wa kunasia mvuke, lenye kifungulio chini, na mdomo usio mwembamba kuliko bomba la gari. Mipira inayoliunganisha na injini ni ile inayovumilia oili ya moto. Ya kumwagilia bustani hulainika, ikajikunja, na injini ikakosa pa kupumulia hadi oili itafute pa kutokea.

Akalifunga mbali na bomba la moshi, mahali mkono unapofika bila kuhangaika.

"Kama ni ngumu kufikia, hutamwaga," anasema. "Nawajua."

Masharti mengine yakafuata. Wakati wa baridi kopo limwagwe kila wiki, joto likirudi hata kila wiki mbili. Wavu uoshwe kwa dizeli na ukauke kabisa. Kilichomwagwa kisirudishwe kwenye injini hata kikionekana kizuri, maana kina maji ndani.

Wazo la chupa lilikuwa la Simel. Kwao, ng'ombe akishukiwa ugonjwa, haamuliwi kwa kutazamwa mara moja. Huangaliwa anachotoa asubuhi hadi asubuhi, kikilinganishwa na cha jana.

"Wewe uliangalia ya siku moja," alimwambia Nduta. "Siku moja inaweza kuwa tu amekunywa maji baridi."

Ndipo akaanza kuja kila Jumatatu na chupa ya jemu. Baridi ilipopungua, weupe ukapungua nao. Kufikia chupa ya tano Nduta alikuwa haulizwi tena kuhusu injini ya Simel. Aliulizwa lini ataenda Illasit.

Alijikaza kisabuni wiki iliyopita. Simel ndiye aliyemwendesha, kupitia Emali, mwendo wa saa nne, mwandishi wa makala haya akiwa amebanwa katikati yao. Mapajani Nduta alikuwa na mfuko, na ndani yake kopo lile lile alilolitoa kwenye gari la Bedan. Amelitunza rafuni miaka yote hii.

"Fundi wangu!" Bedan alipaza sauti kutoka shambani, buti zake zimejaa matope. Mkewe akaleta chai. Nduta hakuigusa. Alisema yote akiwa amesimama, na aliyasema upesi upesi akiitazama ile chai.

Bedan aliketi, akaanza kukwangua matope kwenye buti.

"Nilikutaja kanisani," alisema.

"Najua, Mzee Bedan."

"Nikasimama mbele ya watoto wangu."

"Najua."

Bedan aliinuka akaenda kwenye pikapu, akafungua boneti. Kile chuma kilichoshikilia kopo zamani bado kilikuwepo, na boliti zake mbili zilikuwa zimepakwa grisi, hazina kutu hata chembe.

"Uliponiambia kopo ndiyo ilileta shida, hiyo moja sikuamini," Bedan alisema. "Gari ilikuwa inapanda vizuri nayo. Nikasema kuna siku utairudisha. Nimekuwa nikipaka grisi."

Nduta alilia waziwazi, akajipangusa kwa kiwiko cha ovaroli, akaomba spana. Alifunga mipira mipya, akakaza klipu, akamwonyesha Bedan kifungulio na wavu.

Bedan alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia hasira bado iko, tena nyingi, na zile nyanya hajazisahau. Pesa za kazi ile, ambazo Nduta alitaka kumrudishia, hakutaka kuzisikia. Alitaka kitu kimoja: Jumapili ya wiki mbili zijazo, Nduta aje asimame pale pale aliposimama yeye.

Ndiye pia aliyekubali habari hii iandikwe.

Leo gerejini, Nduta anausuuza wavu wa Simel kwenye beseni la dizeli na kuuanika juani. Mzee amejitolea kumpeleka Illasit tena, na anasisitiza kubeba zile chupa sita kanisani ziwe mashahidi. Nduta amemkatalia.

Hajui wateja wa Illasit watabaki wangapi. Anatumaini watabaki wa kutosha karo ya muhula ujao. Kuhusu maneno ya siku hiyo, amejaribu kuyaandika mara kadhaa na kuchana karatasi.

"Nitasema injini ilikuwa nzima," anasema, akiukung'uta wavu. "Nikishasema hiyo, nitakaa chini."