Mboga za Palipobomolewa Ghala

Reli ilipofika Dodoma, shamba letu lilichukuliwa ili ijengwe stesheni. Wadachi wakamwambia baba akalime palipokuwa na ghala lao la kuwekea mbao, ambalo walikuwa wamelibomoa. Pale palijaa chokaa, misumari na vipande vya matofali. Mama na shangazi, dada yake baba aliyeishi nasi tangu afiwe na mumewe, waliokota vifusi mpaka vidole vikachubuka, kisha wakatia samadi.

Mvua ziliponyesha, mchicha na maboga vikastawi kuliko vya jirani yeyote. Ulikuwa mwaka wa njaa, tukala mboga hizo kila siku. Shangazi ndiye aliyepika, kwa kuwa mama alishinda shambani.

Mdogo wangu wa kike akaanza kuumwa tumbo na kutapika. Viganja vyake vikawa vigumu, ngozi ikabanduka. Mganga alisema tuutazame mkono unaopika. Mtoto alipofariki, baba alimwita shangazi mchawi mbele ya waombolezaji. Shangazi alikunja mkeka wake, akaenda kwa miguu mpaka Mkonze kwa jamaa za marehemu mumewe.

Baadaye mama alipeleka kapu la mchicha jikoni stesheni, akitaka kubadilishana na chumvi. Mpishi, mtu wa pwani, alimuuliza ameuchuma wapi. Mama akamwonyesha.

“Za pale hatupokei,” alisema. “Bwana wa stesheni alikataza tangu ghala linabomolewa. Mbao zilikuwa zikipakwa sumu ya mchwa, na iliyobaki ilimwagwa palepale.”

Mama akamuuliza kwa nini sisi hatukuambiwa.

“Sikutumwa kuwaambia.”

Mama alirudi, akaninyang'anya boga nililokuwa nimebeba, akalitupa. Kisha tukang'oa kila kitu shambani. Hakulia. Alikuwa akihema tu, kama mtu anayetwanga.

Baba alichukua mbuzi, tukaenda naye Mkonze. Shangazi aliitikia shikamoo yangu, akatupa maji ya kunywa, akamsikiliza kaka yake mpaka akamaliza.

“Mtoto yule nilimlisha mwenyewe,” akasema. “Nami nilikula katika chungu kilekile. Uliniona nikila. Rudi na mbuzi wako.”

Tukarudi na mbuzi. Njia nzima nilitembea nyuma ya baba, nikimvuta kwa kamba.

Msimu uliofuata baba alikataa kulima pale, akamweleza jumbe habari ya sumu. Jumbe alijibu kwamba ardhi ni ya serikali, haiwezi kukaa bure, akawapa watu waliohamia kutoka upande wa Hombolo. Baba alikwenda kuwaonya. Mkubwa wao alimsikiliza akiwa ameegemea jembe, nyuma yake mkewe akipanda mbegu, halafu akamwambia kwa upole kwamba kama alilitaka tena shamba lake, angesema tu wazi.